Utandawazi na ajira za vijana: kazi inapokatwa vipande

Kila takwimu mpya za ajira zinapotangazwa, mjadala kuhusu vijana hugawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema utandawazi umemnyang'anya kijana kazi: viwanda vimehamia kwingine, bidhaa za nje zimejaa sokoni, na siku hizi hata kazi ya ofisini inafanywa na mtu aliye bara jingine. Kambi ya pili inasema kijana mwenye simu na bando hana sababu ya kulalamika, kwa kuwa dunia nzima imekuwa soko lake. Ninavyoona, wote wanazungumza kana kwamba kazi ni kitu kimoja kizima, ambacho ama kimeondoka ama kimekuja. Hapo ndipo wanapopotea. Kinachohama mara nyingi ni kipande cha kazi. Ni kipande kipi, kimeenda kwa nani, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika: haya ndiyo yanayoamua kama kijana atapata riziki au atabaki akihangaika.

Tuelewane kwanza

Utandawazi, kwa maana ninayoitumia hapa, ni hali ya bidhaa, mitaji, taarifa na watu kuvuka mipaka ya nchi kwa wepesi na kwa gharama ndogo kuliko zamani. Biashara ya masafa marefu ni ya kale sana. Kilichobadilika ni gharama yake, na mabadiliko hayo yana tarehe zake. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka karibu na New York kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo alikuwa Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori. Kupakia melini mzigo wa kawaida, gunia kwa gunia na boksi kwa boksi, kuligharimu karibu dola 6 kwa tani wakati ule. Kwa kontena, gharama ilishuka hadi senti 16 hivi. Mzigo ambao zamani ungeliwa na gharama za bandarini ukaanza kulipa hata ukitengenezwa upande wa pili wa dunia.

Baadaye yakaja makubaliano ya kupunguza ushuru, na China ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba 2001. Kisha ikaja mikongo ya mawasiliano ya baharini. Sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Afrika, kwa mfano, ilitegemea setilaiti hadi mwaka 2009, mikongo ya kwanza ya aina hiyo ilipotua huko. Kontena lilisafirisha vitu. Mkongo ukaanza kusafirisha kazi isiyoshikika: hesabu, maandishi, picha na sauti.

Neno la pili ni kijana. Umoja wa Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwa takwimu zao humhesabu mwenye umri wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unakwenda hadi miaka 35. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana kwa takwimu tofauti kabisa, na kila mmoja akawa sahihi.

La tatu ndilo linalowachanganya watu zaidi: asiye na ajira. Katika hesabu rasmi, huyo ni mtu ambaye hakufanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki iliyoulizwa, anatafuta kazi, na yuko tayari kuianza. Ukifanya kibarua cha saa moja ndani ya wiki hiyo, umehesabiwa una ajira. Ukikata tamaa ukaacha kutafuta, umetoka kwenye hesabu ya wasio na ajira moja kwa moja. ILO ilitoa takwimu kwamba mwaka 2023 vijana milioni 64.9 duniani hawakuwa na ajira, sawa na asilimia 13, kiwango cha chini kuliko vyote katika miaka 15. Aliyesoma hapo tu alifurahi. Lakini takwimu hizo hizo zilionyesha kwamba kijana mmoja kati ya watano hakuwa kazini, hakuwa shuleni, wala hakuwa kwenye mafunzo yoyote, na kwamba wawili kati ya kila watatu wa kundi hilo walikuwa wasichana. Zaidi ya nusu ya vijana wanaofanya kazi wako kwenye ajira isiyo rasmi, bila mkataba wala hifadhi ya jamii.

Nchi maskini inaweza kuwa na kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira kuliko nchi tajiri kwa sababu hiyo hiyo: maskini hana akiba wala ruzuku ya kumwezesha kukaa akitafuta kazi, kwa hiyo atafanya chochote. Ndiyo maana pia katika nchi nyingi za kipato cha chini waliosoma zaidi ndio wanaoonekana kwa wingi kwenye safu ya wasio na ajira. Elimu haijawaharibia kitu. Familia zao angalau zina uwezo wa kuwangoja.

Shati moja, nchi nne

Chukua shati la kawaida la mikono mirefu. Pamba inaweza kulimwa nchi moja, ikasokotwa uzi nchi ya pili, kitambaa kikafumwa na kutiwa rangi nchi ya tatu, na shati likashonwa nchi ya nne. Ukiingia ndani ya kiwanda cha ushonaji utakuta kazi imekatwa tena. Hakuna hata mmoja anayeshona shati zima. Huyu anashona ukosi kutwa nzima, wa pembeni yake anaunga mikono, anayefuata anapiga pindo, mwingine anatoboa matundu ya vifungo, na msimamizi anapita akihesabu kila safu ya cherehani imetoa vipande vingapi kwa saa. Mchoro wa shati, jina la biashara na uamuzi wa bei viko mbali, ofisini kwa mnunuzi.

Mfululizo huo wote, kutoka shambani hadi dukani, huitwa mnyororo wa thamani. Faida yake haigawanywi sawasawa. Iliyonona iko kwenye ncha mbili, kwa wanaobuni na kwa wanaouza. Iliyokonda iko katikati, kwa wanaoshona. Nchi inaweza kujaa viwanda na bado ikawa imeshika kipande kilichokonda.

Watu hudhani kiwanda hufuata mishahara midogo basi. Mishahara ina nguvu, lakini kanuni za biashara zina nguvu vile vile. Kuanzia mwaka 1974 biashara ya nguo iliongozwa na mfumo wa ukomo: nchi tajiri zilipanga kiasi cha nguo ambacho kila nchi muuzaji ingeweza kuingiza katika masoko yao. Nchi ikishafikia ukomo wake, wenye viwanda walihamisha cherehani kwenda nchi ambayo ukomo wake ulikuwa bado na nafasi. Kwa njia hiyo viwanda vilistawi Bangladesh, Sri Lanka na Morisi. Mfumo huo ukafutwa tarehe 1 Januari 2005, na kiwanda kilichowekwa mahali fulani kwa ajili ya ukomo kikawa hakina tena sababu ya kubaki pale. Lesotho, nchi ndogo iliyokuwa imejenga matumaini makubwa juu ya nguo, ilishuhudia viwanda vikifungwa ndani ya muda mfupi na maelfu ya wafanyakazi wakirudi nyumbani. Hakuna mshonaji aliyekuwa ameharibu kazi. Uamuzi ulifanyika kwenye meza ambayo yeye hakuwahi kuijua.

Upande wa pili wa hesabu hiyo usifichwe. Bangladesh ilibaki na wanunuzi wake, na leo nguo huiingizia zaidi ya asilimia 80 ya mapato ya bidhaa inazouza nje. Karibu watu milioni nne wanafanya kazi kwenye viwanda hivyo, wengi wao wanawake vijana ambao kwa mara ya kwanza katika familia zao walipokea mshahara mkononi. Ukimwambia msichana wa aina hiyo kwamba utandawazi umemletea hasara tupu, atakushangaa.

Na bado, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki iliyokuwa ndani ya jengo hilo iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji waliamriwa warudi kazini kesho yake asubuhi, kwa kuwa oda zilikuwa na tarehe. Wote walikuwa chini ya paa moja na nyufa zile zile. Tofauti yao ilikuwa nani anaweza kukataa kuingia. Mshonaji alijua kwamba kipande chake kinaweza kushikwa na mtu mwingine saa ile ile, na kwamba kiwanda chenyewe kinaweza kupoteza oda kwa kiwanda kingine katika nchi nyingine. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha kweli cha kazi nzuri au mbaya katika dunia hii: ukisema hapana, nini kinakupata?

Kwa nini mzigo umemwelemea kijana

Fikiria karakana ya seremala. Mwanagenzi anaanza kwa kufagia vumbi la mbao, kisha anapewa kupiga msasa, kisha randa, na baada ya muda anaachiwa kuunganisha kiti. Kupiga msasa hakuna heshima wala hela nyingi, ila akiwa pale anaona fundi anavyochagua mbao, anavyobishana na mteja kuhusu bei, anavyorekebisha kosa. Sasa fundi anapata mtu wa mbali wa kumpigia msasa mbao zote kwa nusu ya gharama. Kwa hesabu ya mwezi huu amefanya la maana, kazi zake zinatoka haraka na bei imeshuka. Mwanagenzi ndiye aliyepoteza mahali pa kusimama.

Utandawazi umefanya hivyo katika fani nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu kipande kilicho rahisi kuhamisha ndicho kile kile alichokuwa akianzia mgeni wa kazi: kinaelezeka kwa maandishi, kinapimika, hakihitaji uzoefu wala kufahamiana na wateja. Kuingiza taarifa kwenye majedwali, kujibu simu za malalamiko, kunukuu mazungumzo yaliyorekodiwa, yaani kuyaandika neno kwa neno, kusafisha picha, kuandaa rasimu ya kwanza. Kijana anapolia kwamba kila tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu, hatungi hadithi. Mahali pa kuupatia uzoefu huo pamehamishwa.

Bila shaka vipande hivyo havikupotea duniani. Viko kwa kijana mwingine. Ufilipino ina zaidi ya watu milioni moja wanaohudumia kampuni za nje kwa simu na kompyuta, na wengi wao ni vijana. Mteja wa New York anapopiga simu mchana kuulizia bili yake, Manila ni usiku wa manane, na kijana aliye kwenye simu atalala jua likiwa juu. Mishahara ya kazi hiyo huwa mizuri kulinganisha na nyingine zinazopatikana pale, na gharama yake inalipwa na usingizi, afya na maisha ya nyumbani. India nayo ilianza na kazi ndogo za kurekebisha programu, hasa kuelekea mwaka 2000 kampuni duniani zilipohofia kompyuta zao zingesoma tarehe vibaya, ikapanda hadi kubuni mifumo mizima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kipande kidogo ni kifungo cha milele. Inategemea kama aliyekishika anaruhusiwa kujifunza kipande cha juu yake, na kama nchi yake ina vyuo na mtaji wa kumwezesha kupanda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halisemwi vya kutosha. Uingereza, Ujerumani, Japani na Korea Kusini zilihamisha watu wao kutoka mashambani kwenda viwandani kwa mamilioni, na kiwanda kikawa shule ya wasiosoma sana. Mchumi Dani Rodrik ameonyesha kwamba nchi nyingi zinazoendelea leo zinafikia kilele cha ajira za viwandani mapema mno, zikiwa bado maskini, kisha zinaanza kushuka. Mashine zimepunguza mikono inayohitajika, na nchi zilizotangulia zimeshika masoko. Vijana wanatoka kijijini wanaruka kiwanda, wanatua moja kwa moja kwenye biashara ndogo na huduma za mjini. Wanaowaambia vijana wangoje viwanda viwaajiri kama vilivyowaajiri babu wa nchi hizo wanawaahidi njia ambayo imekuwa nyembamba sana.

Kazi za mtandaoni kwa karibu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kambi ya pili inapojivunia, na ndipo vijana wengi wanapoumizwa wakiwa wanashangiliwa.

Jukwaa la kazi za mtandaoni ni soko. Mteja anatangaza kazi, wafanyakazi kutoka nchi mbalimbali wanaomba, mteja anachagua mmoja, jukwaa linashika malipo hadi kazi ikubaliwe, kisha linakata sehemu yake na kutoa kilichobaki. Kazi ikiisha, mteja humpa mfanyakazi nyota, na nyota hizo ndizo sifa yake mbele ya mteja anayefuata.

Tuchukue mfano wa kubuni, hesabu zake zikiwa nyepesi. Kijana anaona kazi ya kunukuu mazungumzo ya saa moja kwa dola 30. Sauti ya saa moja humchukua mtu mzoefu saa nne au zaidi. Tuseme kwake ni saa tano. Kwenye karatasi amepata dola 6 kwa saa. Lakini kabla ya kupata hii moja aliomba kazi kumi, kila ombi dakika 20, na tisa hazikujibiwa: hizo ni saa tatu na dakika 20. Mteja akarudisha maandishi yarekebishwe, saa moja nyingine. Jukwaa limekata asilimia 10, zimebaki dola 27. Yapo majukwaa yanayokata 20. Kuhamisha hela kumekula dola 2, na bado mfumo wa malipo utabadilisha fedha kwa kiwango chake wenyewe. Dola 25 ukizigawa kwa saa tisa na dakika 20 unapata dola 2 na senti 70 hivi. Umeme, bando na kompyuta inayozeeka hatujavigusa.

Sisemi hivyo kumkatisha mtu tamaa. Wapo wanaoishi vizuri kwa kazi hizi, hasa waliofika kwenye ujuzi adimu na wateja wa kudumu wanaowatafuta wao. Ninachotaka kionekane ni saa zile nne na dakika 20 za bure. Katika ajira ya kawaida, saa ambazo hakuna mteja ni hasara ya mwajiri, mshahara unaendelea. Kwenye jukwaa, kungoja ni kwa gharama ya mfanyakazi. Umeme ukikatika ni juu yake. Mteja akikataa kazi, ni juu yake. Akiugua, hakuna kitu. Ukubwa wa mabadiliko uko hapo, katika kuhamisha hasara kutoka kwa kampuni kwenda kwa mtu mmoja mmoja, na kijana asiye na akiba ndiye wa mwisho anayepaswa kuibeba.

Nyota nazo zina lake. Anayeanza hana hata moja, kwa hiyo anashusha bei ili apate ya kwanza, na anayeomba pamoja naye kutoka nchi nyingine anafanya hivyo hivyo. Sifa alizojenga kwa miaka ziko ndani ya jukwaa hilo; akihamia jingine anaanza sifuri. Wengine, kwa sababu nchi zao hazikubaliwi kwenye jukwaa au hudharauliwa na wateja, hukodi akaunti ya mtu wa nchi nyingine na kugawana naye ujira. Mwenye akaunti akibadilisha nywila, fedha yote imekwenda na hakuna wa kumshtaki. Na ukidaiwa ada ya kujiandikisha au kununua mafunzo ndipo uanze kupewa kazi, ondoka. Huyo anatafuta hela yako, hana kazi ya kukupa.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zana za akili mnemba zinazoandika na kutafsiri zilipoanza kupatikana kwa kila mtu, vipande vya chini vya soko hili vimeanza kupungua bei. Kunukuu sauti na kutafsiri rasimu ya kwanza ni kati ya vilivyoguswa mapema. Imezaliwa pia kazi mpya ya kuifundisha mashine: kuchora mistari kuzunguka magari na wapita njia katika maelfu ya picha, kupanga majibu kwa ubora, kutenga maandishi machafu. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba vijana nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili mkubwa ili mfumo mmoja wa mazungumzo ujifunze kuyaepuka. Kazi ilikuwa ya hali ya juu kwa anayeitumia, na wale walioifanya iliwaachia majeraha ya moyo. Ukiuliza walishika kipande gani cha mnyororo, jibu ni kile kile cha cherehani: katikati, penye faida iliyokonda, mbali na jina la bidhaa.

Imani zinazopaswa kuachwa

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba nafasi za kazi duniani zina idadi maalumu, kwa hiyo akipata wa kule amekosa wa huku. Kazi huzaa kazi. Mshonaji anayelipwa hununua chakula, hupanga chumba, humsomesha mdogo wake, na kila hela inayotoka mkononi mwake ni kipato cha mwingine. Lakini wanaotumia ukweli huo kuwanyamazisha waliopoteza kazi nao wanakosea. Utafiti uliowashirikisha wachumi Daron Acemoglu na David Autor ulikadiria kwamba kati ya 1999 na 2011 ushindani wa bidhaa za China uliigharimu Marekani ajira kati ya milioni 2 na milioni 2.4. Hasara hiyo haikuenea sawa nchi nzima. Iliangukia miji iliyotegemea samani, nguo na vifaa vya aina hiyo, na mingi kati yake haikuinuka kwa zaidi ya muongo. Jumla ya taifa inaweza kupanda wakati mji mmoja unakufa.

Nyingine ni kwamba dunia imekuwa haina mipaka. Kontena linapita, fedha inapita kwa sekunde, kijana anasimama kwenye dirisha la viza. Anayekwenda kufanya kazi nje mara nyingi hupitia wakala, na wengi huanza safari wakiwa na deni la ada waliyotozwa. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unasema wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyoruhusiwa. Gharama ni ya mwajiri. Natamani kila mzazi anayeuza shamba ili mwanawe apate kazi ng'ambo alijue hilo kwanza.

Na ipo imani kwamba cheti kikubwa ni ngao. Elimu inasaidia, sana. Ila kazi ya msomi nayo inakatwa vipande: mwanasheria anayechambua mikataba, mhasibu anayepatanisha hesabu, msanifu anayechora michoro midogo, wote wanaweza kukuta sehemu ya kazi yao imepelekwa mbali. Kinachobaki karibu ni kile kinachohitaji uwepo wa mtu, uaminifu uliojengwa, au uamuzi ambao lazima mtu mmoja aubebe kwa jina lake. Fundi umeme aliyesomea chuo cha ufundi anaweza kuwa salama zaidi kuliko mwenye shahada anayejaza majedwali.

Nani ni mwajiri?

Sheria za kazi ziliandikwa kwa ajili ya kiwanda chenye lango na bosi anayefahamika. Jukwaa linasema halimwajiri mtu, linaunganisha tu watu huru. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa hoja hiyo katika kesi ya madereva wa Uber, jukwaa la kuita teksi kwa simu: kampuni ndiyo iliyopanga nauli, ikaweka masharti, ikawapima na kuwabana madereva, kwa hiyo wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo. Umoja wa Ulaya ukapitisha kanuni zake za kazi za majukwaani mwaka 2024, zikiwemo za kuzuia mtu kufukuzwa na mashine bila binadamu kuhusika.

Hizo ni habari njema kwa dereva, ambaye yuko na abiria wake mji mmoja na mahakama iko jirani. Kwa kijana wa kunukuu sauti mambo ni magumu zaidi. Yeye yuko nchi moja, jukwaa limesajiliwa nchi ya pili, mteja yuko ya tatu, na malipo yanapitia kampuni ya nchi ya nne. Akaunti yake ikifungwa usiku ikiwa na ujira wa wiki tatu ndani, ataandika barua pepe na kujibiwa na mfumo usiotaja sababu. Aende mahakama ya wapi, kwa sheria ya nani, kwa nauli ipi?

Mwezi Juni 2025 mkutano mkuu wa ILO uliamua kwamba viwango vya kazi za majukwaani viandaliwe kama mkataba wa kimataifa, pamoja na pendekezo la kuufafanua. Mkataba wa aina hiyo huifunga nchi iliyouridhia peke yake, na kuridhia ni uamuzi wa kila serikali. Vijana wanaofanya kazi hizi hawana ukumbi wa kiwanda wa kukutania, na wengi hawajui hata jina la mwenzao aliyeomba kazi ile ile. Vyama vya wafanyakazi vikiendelea kuwasubiri langoni kama enzi za viwanda, nchi itakapoamua kuridhia au kutoridhia hakutakuwa na mtu wa kuwasemea mezani.